Lami kuukuu si taka, ila ina masharti yake

Changamwe ni mlango wa barabara kuu itokayo Mombasa kuelekea Nairobi, Uganda na Rwanda. Malori yenye makontena kutoka bandari ya Kilindini hupita hapo kwa mwendo wa kobe, jua la pwani likiwa limekwisha kuilainisha lami. Uzito huo huibonyeza barabara, nayo magurudumu huacha mikondo mirefu. Hatimaye tabaka la juu hukwanguliwa na kuwekwa jipya.

Je, lami iliyokwanguliwa itupwe? Ndani yake mna kokoto na bitumeni, ile gundi nyeusi inayozishikanisha, ambayo kwa kawaida ni asilimia 4 hadi 6 ya uzani wote. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na bitumeni huagizwa kutoka nje. Kuitupa ni kutupa fedha za kigeni. Nchini Marekani, matumizi ya lami kuukuu yalishika kasi baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973.

Hata hivyo, lami kuukuu si sawa na mpya. Kwa miaka mingi hewa na joto huifanya bitumeni kuwa ngumu. Ugumu huo una manufaa, kwani husaidia kuzuia mikondo ya magurudumu. Lakini kigumu hupasuka upesi; maji ya masika yakipenya kwenye nyufa, tabaka za chini hudhoofika na mashimo hutokea.

Ndiyo sababu kiasi hupimwa. Kwa kanuni iliyozoeleka Marekani, lami kuukuu ikiwa chini ya asilimia 15 ya mchanganyiko, bitumeni ya kawaida hutosha. Kati ya 15 na 25, huongezwa bitumeni laini zaidi. Ikizidi hapo, vipimo vya maabara havikwepeki.

Yaweza pia kutumika katika tabaka la chini. Ikiwa peke yake, vipande vyake huteleza na kubonyea polepole chini ya mzigo. Hivyo huchanganywa na kokoto mpya, au bitumeni ya povu na saruji kidogo.

Kabla ya yote, mhandisi hupima ukubwa wa chembe, unyevu, na kiasi na ugumu wa bitumeni. Marundo ya barabara mbalimbali yasichanganywe ovyo, kwani vipimo vya rundo moja haviwezi kulisemea jingine.