Neon Genesis Evangelion

Neon Genesis Evangelion ni tamthilia ya anime ya Kijapani yenye sehemu 26, iliyoongozwa na Hideaki Anno katika studio ya Gainax na kurushwa na TV Tokyo kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996. Katika mji wa Tokyo-3, mwaka 2015, Shinji Ikari, mvulana wa miaka 14, anaitwa na baba aliyemtelekeza ili aendeshe jitu la vita, Eva, dhidi ya viumbe waitwao Malaika. Jitu hilo hupata umeme kwa waya mnene mgongoni. Ukikatika, betri hudumu dakika 5 tu.

Ila kinachowarudisha watazamaji, kizazi baada ya kizazi, ni upweke wa watoto wanaoendesha majitu hayo. Anno mwenyewe alikuwa ametoka kwenye miaka ya sonona, na inaonekana. Katika sehemu ya 24, Eva ya Shinji imemshika kiganjani rafiki yake Kaworu, ambaye kumbe ni Malaika, na picha inaganda takriban dakika nzima, muziki wa Beethoven ukiendelea, huku tukimsubiri Shinji aamue kama atamuua. Hakuna pigano lolote katika tamthilia hii linaloumiza kiasi hicho.

Mwisho wake uliwagawa mashabiki; mwaka 1997 ikatoka filamu yenye hitimisho jingine, kisha filamu 4 mpya, 2007 hadi 2021.