Julian Bond na Kiti Alichonyimwa Georgia

Mwaka 1965 mahakama iliilazimisha Georgia, jimbo la kusini mwa Marekani, kugawa upya majimbo ya uchaguzi. Kwa miaka mingi wilaya za mashambani zenye watu wachache zilikuwa na sauti kubwa kuliko jiji la Atlanta. Mgawanyo mpya uliiongezea Atlanta viti, na kwa mara ya kwanza tangu 1907 watu weusi wakapata nafasi ya kuingia katika Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo.

Julian Bond alikuwa na miaka 25. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa msomi aliyewahi kuongoza Chuo Kikuu cha Lincoln, lakini mwana mwenyewe aliacha masomo Morehouse ili aitumikie SNCC, kamati ya wanafunzi waliopinga ubaguzi bila kutumia nguvu. Yeye ndiye aliyesimamia habari za kamati hiyo: kila kipigo na kila kifungo cha Mississippi au Alabama kilipita mezani kwake kabla ya kufika magazetini. Vijana wa SNCC ndio waliokwenda kumsalimu Oginga Odinga, mwanasiasa wa Kenya, alipozuru Atlanta mwishoni mwa 1963. Walipotoka hotelini kwake waliingia mgahawa wa jirani, wakakataliwa kuhudumiwa, na baadhi yao wakatiwa mbaroni.

Bond aligombea kwa tiketi ya chama cha Democratic katika eneo lililochukua Vine City, mtaa wa walalahoi. Kinachonivutia zaidi katika kampeni ile ni kwamba ilianza kwa kusikiliza. Alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza watu wanataka mbunge wao awafanyie nini, na majibu yao ndiyo yaliyogeuka ajenda: kima cha chini cha mshahara kifike dola 2 kwa saa, wakati serikali kuu ilikuwa imeweka dola 1.25, sheria iliyodhoofisha vyama vya wafanyakazi ifutwe, na miradi ya kujenga upya miji iwajali wanaobomolewa nyumba. Hivi ni vipaumbele vya watu wanaohesabu kodi ya nyumba na nauli. Alishinda kwa kishindo.

Januari 6, 1966, siku chache kabla ya siku aliyotarajiwa kuapishwa, SNCC ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam. Bond aliliunga mkono. Wabunge wakadai kwamba mtu wa maneno hayo hawezi kuapa kwa dhati kuilinda katiba, na Januari 10 wakamkatalia kiti kwa kura 184 dhidi ya 12. Adhabu hiyo iliwaangukia pia wapiga kura wake, waliobaki bila mwakilishi. Mmoja wa wakazi wa eneo lile, Martin Luther King, aliongoza maandamano hadi bungeni.

Wapiga kura hawakuyumba. Februari walimchagua tena, akanyimwa kiti tena. Novemba wakamchagua kwa mara ya tatu. Desemba 5, 1966, majaji wote tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani waliamua kwa kauli moja kwamba kiapo hakilipi bunge mamlaka ya kumziba mdomo mjumbe, na kwamba mwakilishi anahitaji uhuru mpana wa kusema kuhusu sera za nchi. Bond aliapishwa Januari 1967. Alitumikia mabaraza yote mawili ya Georgia, la wawakilishi na la seneti, kwa miaka 20.