Tangu viti vitupu vya 1960: njia ya kijana anayesoma sheria



Tarehe 30 Juni 1960, nchi yetu ilipopata uhuru, mahakama za kimila zilikuwa na waamuzi Wakongomani. Lakini mahakama kubwa za serikali hazikuwa na hakimu Mkongomani mwenye shahada ya sheria. Mwenyeji aliyefanya kazi humo alikuwa karani au mkalimani. Sababu yake yajulikana. Koloni lilichelewa kufungua vyuo vikuu: Lovanium ilianza mwaka 1954, na chuo cha Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Shule zilitayarisha makarani, walimu na wasaidizi wa waganga. Mwenye kutaka elimu ya juu zaidi aliingia seminari.

Miezi ile ya kwanza ya uhuru mahakimu wengi Wabelgiji waliondoka, na viti vikabaki vitupu. Umoja wa Mataifa ulisaidia kutafuta mahakimu katika nchi nyingine, na mwaka 1961 shule ya taifa ya sheria na utawala ikafunguliwa mjini Léopoldville. Étienne Tshisekedi alimaliza sheria Lovanium mwaka huohuo, naye akawekwa mara moja kuiongoza. Marcel Lihau, aliyekuwa bado mwanafunzi wa sheria huko Louvain, aliitwa mwaka 1960 kushughulikia wizara ya haki. Wakati ule kazi ndiyo iliyomtafuta mtu.

Wakati huo umepita, lakini wazo lake limebaki katika nyumba zetu. Wazazi wengi wangali wanaamini kwamba diploma ya sheria huja pamoja na ofisi yake. Tangu mwaka 1981 tumekuwa na vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani, kisha vikaongezeka vingine vingi. Kila mwaka vinatoa wanasheria wapya. Ndiyo maana tunaona vijana wenye diploma wakikaa nyumbani miaka mingi, wakingojea kuitwa. Wengine huuza shamba la familia ili kumlipa mtu anayewaahidi nafasi.

Yafaa basi kujua milango ilivyo. Anayetaka kuwa wakili, yule tunayemwita avoka, anafuata sheria ya 28 Septemba 1979: huandikwa katika orodha ya mawakili wanaojifunza, hula kiapo, na kufanya staji ya miaka miwili chini ya wakili mzoefu. Mara nyingi miaka hiyo ina malipo kidogo sana, au haina kabisa. Familia ijue jambo hilo mapema. Mtetezi wa mahakama husimama mbele ya mahakama za amani na mahakama kuu za wilaya. Anayetaka kuwa hakimu hungojea mtihani unaotangazwa na Baraza Kuu la Mahakimu, nao hautangazwi kila mwaka. Tena kuna kazi za karani wa mahakama, mthibitishaji wa hati, mshauri wa sheria katika kampuni au benki, na ofisi za serikali.

Kwa hiyo tunawasihi msingoje siku ya diploma. Vikao vya mahakama kwa kawaida viko wazi kwa watu wote: nendeni mkasikilize tangu mwaka wa kwanza. Mtafuteni mapema wakili atakayewapokea, kabla wenzenu wote hawajabisha hodi siku moja. Jifunzeni kuandika barua na hati kwa Kifaransa kisicho na makosa, na kumweleza mjane shauri la kiwanja chake kwa Kiswahili anachokielewa. Palipo na Tume ya Haki na Amani parokiani, jitoleeni humo. Mashauri ya urithi, ndoa na mipaka hayakosekani, na kazi mliyoifanya itawasemea kuliko barua ya kuombewa.

Limebaki neno moja, nalo twalipata katika maisha ya Lihau. Ili aingie Louvain alilazimika kufanya mtihani wa Kilatini, Kigiriki na Kiflamandi. Mwaka 1964 alikuwa katibu wa tume iliyotayarisha katiba ya Luluabourg. Mwaka 1968 akawa rais wa kwanza wa Mahakama Kuu. Kwa mpango wa kazi, asingeweza kupanda juu zaidi. Lakini mwaka 1975 alikataa kutekeleza adhabu kali dhidi ya wanafunzi walioandamana, naye akaondolewa katika kiti chake.

Kijana anayepanga kazi ya sheria huhesabu miaka ya masomo, gharama za staji na nafasi zilizopo. Na aongeze hesabu hii: ni amri gani atakayoikataa, hata ikimgharimu kiti? Aliyenunua kiti chake kwa shamba la baba yake ataona vigumu sana kukiacha. Tulijadili swali hilo katika vikundi vyetu sasa, wakati bado hakuna kati yenu aliyekalia kiti.