Abasia ya Fountains

Abasia ya Fountains ilikuwa monasteri ya Wasitoo karibu na mji wa Ripon, mkoani Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Ilianzishwa mwaka 1132 ikafungwa mwaka 1539. Jina lake lina maana ya "chemchemi", kutokana na maji yaliyopatikana kwa wingi mahali hapo. Maghofu yake ni kati ya makubwa zaidi ya aina hiyo nchini.

Historia

Waanzilishi walikuwa wamonaki 13 wa abasia ya Wabenedikto mjini York, waliotaka kurudia maisha magumu zaidi kufuatana na Kanuni ya Mt. Benedikto. Baada ya mzozo na wenzao waliondoka, na askofu mkuu Thurstan akawapa ardhi katika bonde la mto Skell. Waliishi kwa dhiki kubwa, wakaomba msaada wa Bernardo wa Clairvaux, wakapokewa katika shirika la Wasitoo. Hali ilibadilika Hugh, dekano wa York, alipojiunga nao akiwa na mali na vitabu vyake.

Katika miaka ya 1140 monasteri ilichomwa moto na wapinzani wa abati Henry Murdac, lakini ilijengwa upya.

Wamonaki walitumia saa nyingi katika sala, hivyo kazi nyingi za mashamba zilifanywa na mabradha. Kondoo wa abasia walikuwa maelfu, na sufu yao iliuzwa hadi kwa wafanyabiashara wa Italia. Hivyo nyumba iliyoanzishwa kwa kupenda ufukara ikawa kati ya zile tajiri zaidi nchini. Karne ya 14 ilileta tauni, mabradha wakapungua, na mashamba mengi yakakodishwa.

Mwaka 1539 mfalme Henry VIII aliifunga pamoja na monasteri nyingine. Risasi ya mapaa iliondolewa, na mwaka uliofuata majengo na ardhi viliuzwa kwa Richard Gresham, mfanyabiashara wa London.

Mabaki

Kuta za kanisa bado zimesimama bila paa, pamoja na mnara wa abati Marmaduke Huby wenye urefu wa karibu mita 50. Ghala lenye dari la matao lina urefu wa karibu mita 90. Juu yake walilala mabradha.

Baadhi ya mawe yalitumika kujengea jumba la Fountains Hall lililo jirani. Mwaka 1767 William Aislabie alinunua maghofu ili yawe pambo la bustani ya Studley Royal. Tangu mwaka 1986 abasia na bustani hiyo vimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.