Akiba Huoza

Wahenga walisema akiba haiozi. Sitaki kubishana nao, maana huenda walikuwa wakisema juu ya fedha. Lakini nimeishi Mtoni, karibu na pwani, miaka ya kutosha kujua kwamba kumbukumbu za mtu ni akiba inayooza, tena huoza kimyakimya.

Nilijifunza hayo kwa kanda ya mama yangu. Jamaa zetu kadhaa walihamia Oman baada ya 1964, na kanda za kaseti zilipoenea ikawa desturi yetu kutumiana salamu kwa sauti badala ya barua. Jioni moja mwaka 1983 mama alikaa mbele ya redio kaseti akamtajia dada yangu, aliyekuwa Maskati, nasaba yetu yote: nani kamzaa nani, nani kaolewa wapi, na nani kazikwa kiambo gani. Kabla ya kanda kusafiri, tuliweka redio mbili uso kwa uso tukajitolea nakala moja ya kubaki nyumbani.

Mama alifariki 1991. Mwaka 2003 niliipeleka ile nakala dukani ikahamishiwa kwenye CD, nami nikaona kazi imekwisha. Kanda nikairudisha sandukuni, chini ya kitanda. Mwaka 2012 ulizuka ubishi wa mirathi ya shamba, wazee wakanitaka niwasikilizishe maneno ya mama. CD ilizunguka ndani ya kompyuta, ikakataa. Ile ngozi yake inayong'aa ilikuwa imeanza kubanduka ukingoni. Nikafungua sanduku. Kanda ilikuwa imeota kuvu jeupe kama unga.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: ni chombo gani cha kuaminiwa? Na kwa kuwa ninaishi Mtoni, jibu nililianzia kwa jirani.

Jirani yangu ni magofu ya Beit al-Mtoni, jumba la Seyyid Said bin Sultan. Ndani yake, mwaka 1844, alizaliwa Bibi Salme. Mwenyewe ameeleza jinsi alivyojifundisha kuandika kwa siri, akiiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa watoto siku zile. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, na mwaka 1886 kumbukumbu zake zikachapishwa Berlin. Alifariki 1924. Leo ukitaka kujua mabanda ya farasi, bustani na mabirika ya jumba lile yalivyokuwa, kuta hazitakwambia mengi, ijapokuwa ni za mawe na chokaa. Utayapata kwenye kitabu cha karatasi kilichopigwa chapa mbali na hapa, kwa nakala nyingi. Nyaraka zake nyingine zimehifadhiwa Leiden, Uholanzi. Jiwe limebomoka, karatasi ipo.

Si yeye peke yake. Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale kabisa yanayojulikana ni barua zilizoandikwa Kilwa mwanzoni mwa karne ya 18, kwa herufi za Kiarabu. Nazo hazikuhifadhiwa Kilwa. Zipo Goa, kwa sababu zilipelekwa kwa Wareno waliokuwa na tabia ya kuweka majalada.

Au mtazame Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye hakusoma wala kuandika. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Santuri za wakati ule zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa India. Ukiiangusha moja sakafuni, imekwisha. Hakuna chombo dhaifu kuliko hicho, na bado sauti ya Siti tunaisikia. Santuri zake ziliuzwa pwani nzima. Ya huyu ikivunjika, ya yule ilisalia, mpaka wakatokea watu wa kuzinakili upya.

Hapo ndipo nilipogundua kosa langu. Nilikuwa nikitafuta chombo kisichokufa, na hakipo. Kanda ina chembe za sumaku zilizoshikiliwa kwa gundi, na gundi hiyo hunyonya unyevu. CD ya kurekodia nyumbani huandikwa juu ya rangi ambayo joto na mwanga huifubaza. Diski ya kompyuta ina mashine inayozunguka, na kila kizungukacho huchoka. Flashi hushika habari kwa chaji ndogo za umeme, na ukiiweka miaka mingi bila kuitumia, chaji huvuja. Flopi za megabaiti 1.44 nilizokuwa nikizitegemea miaka ya 1990 huenda bado ni nzima, lakini kompyuta yenye tundu lake sina.

Tena vyombo vyote hivyo vinahitaji umeme, na umeme wetu hutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Tarehe 10 Desemba 2009 ulikatika, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu ile, picha zangu zote zilizokuwa kwenye kompyuta zilikuwa sawa na hazipo. Daftari la madeni la mwenye duka wa mtaani liliendelea kusomeka kwa kibatari.

Siku hizi vijana hunambia niweke kila kitu kwenye wingu. Wingu si kitu cha mbinguni. Ni kompyuta za watu wengine katika nchi nyingine. Ubora wake ni ule ule wa Leiden na Goa, yaani umbali. Ubaya wake ni kwamba mlango wake una nywila, na mara nyingi mwenye nywila hufa nayo.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni, ambayo wapiga picha wa nje wameitumia siku nyingi: nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumbani. Nami nimeongeza ya kwangu. Kila mwaka masika yakiisha, mikeka inapotolewa juani, nami nazitoa diski zangu. Naziwasha, nasikiliza, nanakili kwenye chombo kipya kabla cha zamani hakijachoka. Karafuu haikauki kwa kuanikwa mara moja tu. Huanuliwa na kuanikwa tena.

Na kanda ya mama? Ile iliyokwenda Maskati ilipatikana kabatini kwa dada, kavu, ikicheza vizuri. Ubishi wa shamba ukaisha. Lakini dakika za mwisho za upande wa pili hazipo: mwaka fulani watoto walirekodi juu yake nyimbo za harusi. Hapo ndipo mama alipokuwa akitaja makaburi ya upande wa bibi yake. Mjukuu wangu mkubwa sasa anazo nasaba zilizosalia kwa sauti, na amezinakili kwa mkono wake kwenye daftari. Makaburi yale hayamo, wala aliyekuwa akiyajua hayupo.