Tawi, shina na folda

Neno tawi, lililozoeleka kwa benki na vyama vya siasa, limepata maana nyingine kwa waandaaji wa programu, ambao hulitumia kumaanisha njia ya kazi inayotengwa ili mabadiliko yafanywe bila kuvuruga toleo kuu. Katika Subversion, mfumo wa kutunza matoleo ulioanza mwaka 2000, tawi ni folda hasa: kwa desturi mradi huwa na folda ya shina na folda ya matawi, na kufungua tawi ni kunakili shina. Git, mfumo mwingine wa aina hiyo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hainakili folda. Tawi lake ni jina tu linaloelekeza kwenye badiliko la mwisho lililohifadhiwa, na kwa kawaida hukaa katika faili dogo lenye herufi na tarakimu 40.

Hata hivyo folda haikutoweka kabisa, kwani timu inayopanga majina kwa alama ya mkwaju, kama malipo/risiti, hukuta kwamba likiwapo tayari tawi liitwalo malipo, Git hukataa kuunda hilo jipya, kwa kuwa jina moja haliwezi kuwa faili na folda kwa pamoja. Ni kizuizi cha haki, ingawa ujumbe wake wa kosa hausaidii sana.

Kati ya maneno haya, shina ndilo lenye utata zaidi: katika muundo wa CCM, chama cha siasa cha Tanzania, shina liko ngazi ya chini ya tawi, hivyo Mtanzania aliyezoea balozi, yaani kiongozi wa shina, huhitaji kuelezwa mapema kwamba katika programu shina ndilo linalozaa matawi.