Albatrosi wawili wafananao, kila mmoja na bahari yake

ALBATROSI wenye mdomo wa manjano ni ndege wa bahari za kusini ambao kwa miaka mingi walihesabiwa kuwa spishi moja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wataalamu wengi huwagawa kuwa spishi mbili: wa Atlantiki, Thalassarche chlororhynchos, na wa Bahari ya Hindi, Thalassarche carteri. Wote wawili wameorodheshwa na shirika la IUCN kuwa hatarini kuangamia.

Kwa mbali ni vigumu kuwatofautisha. Wote wana mabawa yenye upana wa takriban mita 2, na mdomo mweusi wenye mstari wa manjano juu. Hata hivyo, kichwa cha yule wa Atlantiki kina rangi ya kijivu, ilhali cha mwenzake ni cheupe zaidi. Mstari wa manjano nao huishia kwa umbo la mviringo karibu na paji la uso la ndege wa Atlantiki, na kwa ncha kali kwa yule wa Bahari ya Hindi.

Makazi pia ni tofauti. Wa Atlantiki huzaliana katika visiwa vya Tristan da Cunha na Gough pekee, akijenga kiota chake katikati ya mimea. Wa Bahari ya Hindi huzaliana katika visiwa kadhaa, kikiwemo Amsterdam, ambako hukusanyika kwa wingi kwenye majabali.

Kila jozi hutaga yai moja tu kwa msimu, hivyo pengo la ndege waliokufa huchukua miaka mingi kuzibika. Katika kisiwa cha Gough, panya walioletwa na mabaharia hushambulia makinda. Katika kisiwa cha Amsterdam, kipindupindu cha ndege kimeua makinda wengi.

Adui wao wa pamoja ni mishipi mirefu ya kuvulia jodari. Ndege hurukia chambo, wakanaswa na ndoana na kuzama. Mnamo 2012, kamisheni ya uvuvi wa jodari katika Bahari ya Hindi, ambayo Kenya ni mwanachama, iliagiza meli za mishipi hiyo zilizo kusini mwa nyuzi 25 zitumie angalau mbinu mbili kati ya tatu: kutega usiku, kufunga kamba za kutishia ndege, au kuongeza uzito kwenye mishipi ili chambo kizame haraka.